Sanduku la Barua la Mpigapicha: Umesimama Umbali Gani?

Barua za safari hii ni nyingi, na ukizisoma zote kwa mkupuo mmoja utadhani zimeandikwa na mtu mmoja. Wa michezo anauliza anunue lenzi ipi, wa potreti, yaani picha za watu, anauliza hivyo hivyo, na wa mandhari naye. Mimi nikisoma kila barua natafuta jambo moja ambalo karibu hakuna aliyeliandika: unaposhika kamera, huyo unayempiga picha yuko hatua ngapi kutoka hapo ulipo?

Nina sababu ya kuuliza. Aliyenifundisha kazi hii alilichukua begi langu la lenzi wiki ya kwanza tu, akaniachia moja ya milimita 50, isiyovuta mbele wala nyuma. Nilikaa nayo mwaka mzima. Nikitaka kitu kiwe kikubwa nakisogelea, nikitaka kiwe kidogo narudi nyuma, na jioni nikimpelekea picha swali lake lilikuwa hilo hilo: "Ulikuwa hatua ngapi?" Nilimkasirikia sana wakati ule. Lakini hadi leo nikiingia mahali popote na kamera, kabla sijafungua begi, miguu yangu imeshahesabu. Kwa hiyo majibu yangu yataanzia hapo.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka kumi na mitatu, anacheza beki wa kushoto. Nina kamera ya sensa ndogo na lenzi mbili zilizokuja nayo, 18–55 na 55–200. Mechi za mchana zinatoka vizuri kiasi, ila za jioni mtoto anakuwa na ukungu, miguu haionekani kabisa. Rafiki mmoja ananiambia ninunue 150–600, mwingine anasema 70–200 ya f/2.8. Nimsikilize nani?*
*— Mzazi wa Beki wa Kushoto*

Marahaba, mzazi mwenzangu. Kabla ya kumsikiliza yeyote kati ya hao wawili, chukua karatasi tufanye hesabu ndogo. Zidisha umbali kwa upana wa sensa, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Jibu utakalopata ni upana wa eneo litakaloingia kwenye fremu. Sensa ni kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea picha, na ndogo kama yako ina upana wa milimita 24 hivi. Sensa kubwa ina 36.

Tuseme mtoto yuko mita 40 kutoka ulipo, nawe umevuta lenzi yako mpaka 200. Arobaini mara 24, gawanya kwa 200, unapata mita 4.8. Kimo cha fremu ni theluthi mbili ya hapo, yaani mita 3.2. Mtoto wa mita moja na nusu anajaza karibu nusu ya fremu kwenda juu, na mpira unabaki ndani ya picha. Huo ndio ukubwa ninaoutaka mimi mwenyewe. Sasa chukua hiyo 600 ya rafiki yako, na mtoto akimbie kuja upande wako mpaka abaki mita 20. Fremu inakuwa na upana wa sentimita 80. Utapata kifua na namba ya jezi, au utapata majani. Lenzi ya 600 ni ya mtu aliyewekwa mbali asikoruhusiwa kuhama. Wewe una ruhusa ya kutembea.

Basi tembea. Uwanja rasmi unaweza kuwa na urefu wa mita 105 na upana wa 68, na beki wa kushoto ana eneo lake linalojulikana. Kipindi cha kwanza simama kwenye mstari wa upande wake, mbele yake kidogo, ili akipanda na mpira aje akiwa na uso kwako. Kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli, na beki wa kushoto anahamia mstari ule wa pili. Hama naye. Wazazi wengi hukaa kiti kimoja dakika zote, kisha hulaumu lenzi kwa picha za kipindi cha pili ambazo zimepigwa kutoka mita 60 au 70.

Sasa ukungu wa jioni. Hapo una tatizo la kweli, na tatizo hilo ni mwanga, umbali hauhusiki. Lenzi yako ikivutwa mpaka 200, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Namba hiyo ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa upana wa tundu linaloonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Milimita 200 kugawanya kwa 5.6 ni tundu la milimita 36 hivi. Kwenye f/2.8 tundu linakuwa milimita 71. Upana umekuwa mara mbili, na eneo, ambalo ndilo linalopitisha mwanga, limekuwa mara nne. Kwa hiyo pale kamera yako inapolazimika kufungua shata, lile pazia la mbele ya sensa, kwa 1/250 ya sekunde, lenzi ya f/2.8 ingekuruhusu 1/1000.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtoto anayekimbia mita 6 kwa sekunde anasogea sentimita 2.4 shata ikiwa wazi kwa 1/250. Kwenye ile fremu yetu ya mita 4.8, kama kamera yako ni ya megapikseli 24, yenye vitone 6000 kwa upana, sentimita hizo ni vitone 30 vya ukungu. Na hapo ni kiwiliwili. Mguu unaopiga mpira una kasi kubwa kuliko mwili unaoubeba, ndiyo maana huuoni. Kwa 1/1000 mwendo wa mwili unashuka hadi milimita 6, kama vitone saba au vinane. Picha inasimama.

Kwa hiyo, kati ya rafiki zako wawili, wa 70–200 f/2.8 ndiye aliyesema kweli. Lakini usinunue bado. Jioni ijayo weka shata 1/1000, fungua tundu mpaka mwisho, halafu iachie kamera ijichagulie yenyewe ISO, yaani kiwango cha kukuza mwanga, mpaka 6400. Picha zitakuwa na chenga, zile punje punje. Zichapishe mbili tatu kwenye karatasi ya kawaida uone. Chenga hupungua ikichapishwa, na zipo programu nzuri sana siku hizi za kuzisafisha. Ukungu wa mguu uliosogea hakuna wa kuurudisha. Nalisema hili kwa uchungu, maana miaka yangu ya mwanzo nilisimama kwenye mstari wa mwisho wa mbio za mita 400 nikiwa nimeganda kwenye 1/250 kwa kuogopa chenga. Nyuso zilitoka kidogo, mikono na miguu ilitoka kama moshi. Mshindi wa siku ile alilia kwa furaha mbele yangu, na sina picha yake hata moja ya kumpa.

Mambo mengine mawili. Utaona lenzi imeandikwa kwamba ina mfumo wa kutuliza mtikisiko. Mfumo huo hutuliza mikono yako, mwanao hatulizi. Usiulipie ukidhani ndio dawa ya ukungu wako. Na ujue 70–200 ya f/2.8 huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu hivi, kwa sababu tundu la milimita 71 linataka vioo vipana. Dakika tisini shingoni ni nyingi. Tafuta fimbo ya mguu mmoja, ifunge kwenye pete ya lenzi na si kwenye kamera, la sivyo uzito wote utaning'inia pale lenzi inapoungana na kamera.

Akihamia kwenye mpira wa kikapu ndani ya ukumbi, niandikie tena. Huko 85 ya f/1.8, ndogo na nyepesi, hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na umbali wa ukumbini unaikubali.

Na ukiona wengine wamekuja na lenzi kubwa kuliko yako ukaanza kusononeka, kumbuka picha ya Muhammad Ali amesimama juu ya bondia mwenzake Sonny Liston, Lewiston, Marekani, tarehe 25 Mei 1965. Neil Leifer aliipiga akiwa na miaka 22, ameketi kando ya ulingo na kamera ya Rolleiflex, wala hakuhitaji lenzi ya kuvuta mbali. Itazame vizuri: kati ya miguu ya Ali anaonekana mpigapicha mwingine, Herbert Scharfman, mtu mzoefu aliyelipigia picha jarida la Sports Illustrated kama Leifer. Yeye alikuwa upande wa pili, na alichokiona wakati ule ni mgongo wa Ali. Waliachana kwa upana wa ulingo tu.

*Mwalimu, mimi ni msichana ninayejifunza kupiga picha za watu, chumbani kwangu, chumba cha mita nne kwa tatu. Natumia 18–55 kwenye sensa ndogo. Wateja wangu ambao ni marafiki wananilalamikia pua zinakuwa kubwa. Nimeazima 85 ya f/1.4 kwa siku mbili: pua zikapona, ila nikapata picha nyingi ambazo jicho moja ni kali na la pili limefifia, na mtu mzima mzima haingii. Je, niache 85 au nihame chumba?*
*— Binti wa Dirishani*

Binti yangu, swali lako limenifurahisha kwa sababu umelijibu nusu bila kujua. Pua hazikuponywa na lenzi. Ziliponywa na ukuta wa nyuma yako.

Ukiwa na 18–55 umeiachia kwenye 18 au 24, ukitaka uso ujaze fremu unalazimika kusogea mpaka sentimita 40. Sikio liko nyuma ya pua kwa sentimita 12 hivi. Basi pua iko 40, sikio liko 52, na pua inachorwa kubwa kwa asilimia 30 kuliko inavyostahili mbele ya sikio. Ukirudi mpaka mita mbili, pua iko 200, sikio 212. Tofauti imebaki asilimia 6, na hapo jicho la mtazamaji halioni kasoro. Lenzi yoyote ile ukiiweka mita mbili itatoa uwiano huo huo wa pua na sikio. Kazi ya lenzi ndefu ni kuujaza uso kwenye fremu ukiwa umeshasimama pazuri. Jaribu leo: simama mita mbili na hiyo 18–55, piga, kisha kata picha ibaki uso peke yake. Pua itakuwa salama, ingawa picha itakuwa ndogo.

Sasa chumba. Kwenye sensa ndogo, ukiishika kamera wima, kichwa na mabega, tuseme sentimita 60 za mtu, vinahitaji mita 2.1 kwa 85. Inawezekana chumbani kwako. Mtu mzima na nafasi kidogo juu na chini, mita 2, anahitaji mita 7. Haiwezekani, na wala usihame kwa ajili hiyo. Ukichukua 50, kichwa na mabega ni mita 1.25, na mtu mzima ni mita 4.2, ambayo utaipata ukisimama kwenye kizingiti cha mlango. Nunua 50 ya f/1.8. Karibu kila kampuni ya kamera inayo, ni nyepesi, na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika orodha zao. Sharti langu ni moja: usisogee karibu zaidi ya hiyo mita na robo hata ukitaka uso mtupu. Kata baadaye.

Na lile jicho lililofifia. Hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana naona vijana wengi wakilipa pesa nyingi kwa ajili ya f/1.4 na f/1.2 kana kwamba namba ndogo ni daraja la ustadi. Kwa 85 kwenye f/1.4, mita 2.1, sensa ndogo, kina chote kinachoonekana kikali ni sentimita tatu na nusu hivi, nusu yake mbele ya pale ulipolenga na nusu nyuma. Mtu akigeuza kichwa kidogo, jicho la mbali linarudi nyuma sentimita tatu au nne. Limetoka nje. Fungia tundu mpaka f/2.8 na kina kinakuwa mara mbili, sentimita saba, macho yote mawili yanaingia na ukuta wa nyuma bado unayeyuka vizuri. Ukitaka f/1.4 kwa moyo wako wote, mwombe mtu akutazame ana kwa ana, na lenga jicho lililo karibu nawe. Usilenge ukatikisika kurudi nyuma. Pumzi moja ya kuyumba inatosha kuhama sentimita mbili.

Mwaka 1984 Steve McCurry alipompiga picha yule msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, picha iliyotoka kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985, lenzi yake ilikuwa Nikkor ya milimita 105, f/2.5. Macho yale mawili ndiyo picha yenyewe, na yote mawili ni makali.

Hamu ya tundu kubwa nayo ina historia yake, na ilianza kwa haja ya kweli. Picha za mwanzo za Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, za mwaka 1839 zilipigwa kwa lenzi zenye tundu dogo, na mtu alitakiwa kutulia dakika kadhaa bila kutikisika. Mwaka 1840 profesa wa hesabu wa Vienna, Joseph Petzval, alibuni lenzi ya potreti ya f/3.6, akisaidiwa kwenye mahesabu na wanajeshi wa mizinga waliozoea kupiga hesabu. Ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi ya zile za kabla yake, na muda wa kukaa kimya ukashuka chini ya dakika moja penye mwanga mzuri. Petzval alilifungua tundu ili binadamu aweze kupigwa picha akiwa bado anapumua. Nyuma kufifia hakukuwa kwenye hesabu zake.

Umejiita Binti wa Dirishani. Nadhani unalitumia hilo dirisha. Mkalishe mtu ubavu kwa dirisha, mita moja hivi kutoka kiooni, na umsogeze mbali na ukuta wa nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu. Mita moja na nusu kati ya mgongo na ukuta itakufifishia nyuma kuliko kuhama kutoka f/1.8 kwenda f/1.4.

*Mwalimu, napenda milima. Niliambiwa mandhari ni lenzi pana, nikanunua 14–24. Mlima ninaouona mkubwa kwa macho unakuwa kichuguu kwenye picha. Pia nafunga tundu mpaka f/22 ili kila kitu kiwe kikali, lakini zinatoka laini kuliko za f/8. Mbona Ansel Adams na wenzake walijiita f/64?*
*— Mpanda Vilima*

Umeuliza mawili, nianze na mlima. Mlima unaosimama mita 1000 juu ya bonde, nawe uko kilomita 10, ukipigwa kwa milimita 16 unachorwa kwenye sensa kwa kimo cha milimita 1.6. Sensa yako kubwa ina kimo cha milimita 24. Umeupa mlima sehemu moja ya kumi na tano ya picha, nyingine zote umewapa anga na nyasi. Kwa milimita 100 mlima huo huo unachorwa milimita 10. Umerudi kuwa mlima. Safu za vilima vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa na rangi hafifu kuliko cha mbele yake kwa sababu ya hewa, huzipati kwa 14 hata ukikesha. Ni kazi ya 100, 135, 200. Picha zangu za milima ninazozipenda nyingi nimezipiga kwa lenzi ambayo wenzangu huibebea michezo.

Hiyo 14–24 usiiuze. Lakini itumie pale ambapo kuna kitu miguuni mwako kinachostahili: jiwe lenye nyufa, ukingo wa maji, mzizi ulioinuka. Piga goti mpaka kitu hicho kiwe chini ya mita moja kutoka kwenye lenzi. Lenzi pana hukuza cha karibu na hufukuza cha mbali, kwa hiyo bila cha karibu imebaki kufukuza tu.

Kuhusu f/22. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika kingoni, na nukta ambayo ingekuwa kali inatanuka. Kwenye f/8 inakuwa na upana wa maikroni 11 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja). Kwenye f/22 inafika 30. Kitone kimoja cha sensa kubwa ya megapikseli 24 kina maikroni 6. Nukta moja imemwagikia vitone vitano kwa upana. Huo ndio ulaini uliouona, na macho yako hayakukudanganya.

Kundi la f/64 lilianza mwaka 1932 huko San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham wakiwemo. Walitumia kamera za mbao za hasi (filamu) kubwa, nyingine za sentimita 20 kwa 25. Hasi ya ukubwa huo hukuzwa kidogo tu ndipo ifike kwenye karatasi, au haikuzwi kabisa, huwekwa juu ya karatasi ikachapishwa hivyo hivyo. Ulaini uliomo haupati nafasi ya kukua. Sensa yako ya milimita 24 kwa 36 hukuzwa mara nyingi zaidi kufikia karatasi ile ile. Tena lenzi zao zilikuwa ndefu: milimita 300 kwenye f/64 ni tundu la karibu milimita 5. Lenzi yako ya 24 kwenye f/22 ni tundu la milimita 1.1. Wewe ndiye uliyefunga zaidi yao.

Wala hukuhitaji kufunga. Kwa milimita 24, f/8, lenga kitu kilicho mita 2.4 mbele yako. Kuanzia mita 1.2 mpaka upeo wa macho vyote vitakuwa vikali kwa picha ya ukubwa wa kawaida. Ukienda f/11, lenga mita 1.75, na ukali unaanzia sentimita 90. Hapo ndipo hatua zinapolipa: kabla ya kufungua stendi, pima kwa miguu hicho kitu cha mbele kiko wapi. Kikiwa karibu zaidi ya hapo, piga picha mbili, moja ukilenga karibu na nyingine mbali, uziunganishe kwenye kompyuta.

Kichujio cha polaraiza ni kizuri kwa kuondoa mng'ao wa maji na majani yaliyolowa, ila kwenye 14 au 16 anga hutoka na doa la bluu iliyokolea upande mmoja, kwa sababu mwanga wa anga hauko sawa pande zote na lenzi yako inameza kipande kikubwa mno cha anga. Kivue, au badili lenzi uweke ya 35.

*Nataka lenzi moja tu ya michezo, watu na mandhari. Ipo?*
*— Mwenye Begi Dogo*

Ya kufanya yote matatu vizuri, haipo. Lakini kila picha uliyokwisha kupiga imehifadhi ndani yake urefu wa fokasi uliotumia. Fungua picha mia mbili za mwisho ulizozipenda, andika namba hizo kwenye daftari. Nilimfanyisha zoezi hili mwanafunzi mmoja aliyekuwa anajinyima ili anunue 70–200. Picha zake nyingi zilikuwa kati ya 28 na 40. Alinunua 35 na anaipenda mpaka leo. Niletee namba zako ndipo nitakujibu.

*Mwalimu, nimeonyeshwa 105 ya zamani ya Nikon, imetumika, bei nafuu. Ndani ina kitu kama utando wa buibui pembeni. Kamera yangu ni mpya, ile aina isiyo na kioo cha kuakisi ndani, ya mdomo wa Z. Nichukue?*
*— Mnunuzi Mwenye Wasiwasi*

Huo utando ni kuvu. Huota kwenye kioo lenzi ikikaa penye unyevu na giza muda mrefu, na hula ule mpako mwembamba uliopakwa juu ya kioo, kiasi kwamba hata fundi akiisafisha alama inaweza kubaki. Iache hiyo.

Ukipata nyingine isiyo na utando, inaweza kukufaa sana. Mdomo, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, wa F wa Nikon ulianza mwaka 1959, wa Z ulikuja 2018, na adapta ya FTZ inaiunganisha miwili hiyo. Ila fahamu kwamba lenzi za zamani zenye fokasi ya kujiendesha lakini zisizo na mota ndani yake, adapta hiyo haiwezi kuzizungusha. Utalenga kwa mkono. Kwa potreti si taabu, mtu ameketi na una muda. Kwa beki wa kushoto usithubutu.

Nenda na tochi. Ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu mpaka mwisho, mulika upande mmoja na utazame upande wa pili ukiwa umeinamisha lenzi kidogo. Vumbi chache hazidhuru. Kisha zungusha pete ya tundu mara nyingi na utazame zile bapa zinazojikunja ndani: zikiwa zinang'aa mafuta au zinarudi kwa uvivu, mwachie mwenyewe. Mwisho ifunge kwenye kamera yako, si yake, lenga maandishi madogo yaliyo mita mbili kutoka ulipo, piga kwa tundu lililo wazi kabisa, na ukuze picha kwenye skrini uangalie pembe zote nne. Pembe moja ikiwa laini na tatu kali, huenda lenzi imewahi kuanguka. Ikivuka yote hayo, ichukue, na ukifika nyumbani iweke kwenye kasha lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za silika, zile unazozikuta ndani ya maboksi ya viatu vipya.